Mkojo Unaovuta Sisimizi

Nataka kuanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana mtu akificha kosa lake, wengine hawapati fundisho.

Nilipokuwa ningali mgeni katika kazi ya kuuguza, usiku mmoja wazazi walileta binti wa miaka 11. Walimbeba katika kipoyi toka kijiji cha mbali. Alikuwa amekonda sana, midomo yake imekauka, naye alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu anayepanda mlima, ingawa alikuwa amelala tu. Huko walikotoka walikuwa wamemtibu malaria mara mbili. Nikagusa mwili wake, nikaona joto kidogo, nikasema moyoni, "Hii ni malaria iliyopanda kichwani." Mganga hakuwapo usiku ule. Basi nikamwekea kinini ndani ya serumu ya sukari, kama nilivyofundishwa kwa malaria kali. Kulipopambazuka mtoto alikuwa amekufa.

Mama yake alipokuwa akikunja nguo za mtoto alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Tangu majuma matatu, kila alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi walikusanyika. Tulifikiri mtu ametuloga." Mimi sikumwuliza habari za mkojo, naye hakujua kwamba neno lile lilikuwa na maana. Mtoto yule hakuwa na malaria. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, nami nilimwongezea sukari katika mshipa.

Tangu siku ile, kila mgonjwa aliyekonda, anayekunywa maji sana na kukojoa sana, namwuliza kwanza habari za sisimizi. Watu wengine hucheka. Wacha wacheke.

Neno la zamani sana

Usifikiri kwamba sisi ndio wa kwanza kuona sisimizi hao. Waganga wa Uhindi wa zamani, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, waliandika habari za ugonjwa ambao mkojo wake ni kama asali na wadudu huufuata. Huko Uingereza katika mwaka 1674 mganga Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu. Unaweza kukisia alijuaje. Ndiyo, kwa ulimi. Halafu katika mwaka 1776 mganga mwingine wa Uingereza, Matthew Dobson, alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yakakauka yote, na chini ya chombo kukabaki unga mweupe, unaonuka na kuonjeka kama sukari. Akaona tena kwamba damu yenyewe ya mgonjwa ina utamu. Basi hapo watu wakaelewa: sukari haitengenezwi katika figo. Inatoka katika damu, na figo zinaimwaga kwa sababu imezidi.

Lakini kwa nini imezidi? Fikiri habari ya soko. Lori limefika na magunia ya unga. Unga upo tele, lakini wapagazi hawakuja. Magunia yanajaa barabarani, mvua inayanyeshea, na ndani ya nyumba zilizo karibu watoto wanalala njaa. Ndivyo ilivyo katika mwili wa mgonjwa huyu. Ugali tunaokula, ndizi, viazi, mchele, vyote vinageuka sukari na kuingia katika damu. Mpagazi anayeichukua sukari toka damu na kuiingiza katika nyama za mwili anaitwa insulini. Insulini hutengenezwa katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ukichinja mbuzi au nguruwe unaweza kukiona, ni kama nyama laini isiyo na umbo zuri, na watu wengi huitupia mbwa.

Insulini isipokuwapo kabisa, mwili unaona njaa katikati ya wingi. Ndipo unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, kama nyumba isiyo na kuni inavyovunja viti vyake na kuvitia motoni. Moto huo una moshi mbaya. Ni asidi inayoingia katika damu, na mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua kwa nguvu. Pumzi ya mgonjwa hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Ile pumzi ya haraka ya binti yule haikuwa ya kifua wala ya malaria. Ilikuwa moshi wa viti.

Ugonjwa huu si wa namna moja. Namna ya kwanza huwapata hasa watoto na vijana. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, wanakosea na kuua kongosho kwa upande wa kutengeneza insulini. Namna ya pili ni ya watu wazima zaidi, hasa wanene na wale wanaokaa kitako siku nzima, lakini naiona hata kwa wakulima. Hapo wapagazi wapo, lakini wamechoka na milango ya nyumba imekuwa migumu. Wengi wa wagonjwa wa ulimwengu ni wa namna hii. Kuna namna ya wanawake wenye mimba, ambayo mara nyingi hupita mtoto akiisha kuzaliwa, lakini mama abaki akipimwa. Na kuna namna nyingine inayotuhusu sana sisi: ya watu waliokonda, waliokosa chakula cha kutosha tangu utoto. Ilielezwa kwanza huko Jamaika katika mwaka 1955, ikaandikwa, halafu ikafutwa katika orodha, watu wakabishana miaka mingi. Katika mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la ugonjwa huu likakubali kuiita namna ya tano. Tena mwaka ule ule uchunguzi uliofanywa katika Kameruni, Uganda na Afrika ya Kusini ulionyesha kwamba vijana wengi walioandikwa kuwa wa namna ya kwanza hawakuwa na alama ya damu inayoonyesha kwamba askari wa mwili wamekosea. Kwa hiyo vitabu vya Ulaya havitoshi kueleza kila mtoto wa kwetu. Kwa uuguzi jambo hili si dogo, kwa maana mgonjwa wa njaa akipewa insulini nyingi kama mnene, sukari yake itaanguka naye ataanguka nayo.

Kijana wa kilo 30

Katika mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, waganga wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walitoa kongosho lote la mbwa mmoja. Mbwa yule akaanza kukojoa kila mahali. Minkowski akapima mkojo, akakuta sukari. Basi ikajulikana mahali pa kutafuta dawa. Lakini kujua mahali si kupata. Ilipita miaka 32 watu wakijaribu na kushindwa.

Katika miaka ile, mtoto akipatwa na ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Huko Marekani mganga Frederick Allen aliwanyima wagonjwa chakula, wakala kidogo sana, majani yaliyochemshwa na nyama kidogo, ili sukari isizidi. Waliishi mwaka mmoja au miwili zaidi, wakiwa mifupa na ngozi. Wengine walikufa kwa njaa, si kwa sukari. Usimhukumu upesi mganga yule. Alikuwa akingoja, na wagonjwa wachache waliokula kwa taabu hivyo waliishi mpaka dawa ikafika.

Dawa ilifika toka Toronto, katika Kanada. Kijana mpasuaji Frederick Banting, aliyekuwa hana wagonjwa wengi wala feza nyingi, alikwenda kwa profesa Macleod kuomba chumba na mbwa. Akapewa, na pamoja naye mwanafunzi Charles Best. Wakafanya kazi katika joto la mwaka 1921, wakitoa maji ya kongosho na kuwapiga sindano mbwa wagonjwa. Sukari ya mbwa ikashuka. Baadaye akaja James Collip, mjuzi wa kusafisha dawa, kwa sababu maji yale yalikuwa na uchafu mwingi.

Tarehe 11 ya mwezi wa kwanza mwaka 1922 walimpiga sindano kijana Leonard Thompson. Alikuwa na miaka 14, na uzito wake ulikuwa kama kilo 30 tu. Sindano ile haikufaa. Sukari ilishuka kidogo, na mahali pa sindano pakavimba. Je, waliacha? Hapana. Collip alifanya kazi usiku na mchana kuisafisha zaidi, na tarehe 23 wakarudia. Mara hii sukari ikashuka kweli, asidi ikaisha, kijana akaanza kuwa na nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi. Sisi tunaozoea kusema "dawa imeshindwa" baada ya siku moja tukumbuke siku zile 12.

Kuna jambo jingine ninalolipenda katika habari hii. Wenye haki ya dawa waliiuza kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu. Dola moja! Hawakutaka mtu mmoja aifungie sandukuni. Nikiona bei ya chupa moja katika farmasi za mji wetu leo, nakumbuka dola ile, na sina neno zuri la kusema.

Kwa muda wa miaka 60 insulini ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Wajuzi wakaichanganya na vitu vingine ili ikae mwilini muda mrefu. Insulini nyeupe kama maziwa, ambayo wengi wenu mnaijua kwa herufi NPH, ilitengenezwa mara ya kwanza katika mwaka 1946. (Hiyo izungushe polepole katikati ya mikono kabla ya kuvuta. Usiitikise kama chupa ya pombe.) Katika mwaka 1978 wajuzi wa Marekani walifundisha kijidudu kidogo cha tumboni kutengeneza insulini iliyo sawa na ya mtu, na tangu mwaka 1982 inauzwa. Kwa hiyo wagonjwa wa Kiislamu wanaoniuliza kama ndani ya chupa mna nguruwe, nawajibu: insulini ya mtu hutengenezwa na kijidudu.

Vidonge, majani na mjusi

Watu wengi huniuliza, "Kwa nini insulini haimezwi?" Kwa sababu tumbo litaimeng'enya kama nyama. Vidonge vilivyopo vya namna ya pili si insulini. Vinasaidia wapagazi au vinalegeza milango.

Kidonge kimoja kilipatikana bila kutafutwa. Katika mwaka 1942, wakati wa vita, katika mji wa Montpellier, Ufaransa, mganga Janbon aliwapa wagonjwa wa tifoidi dawa mpya. Wengine wakatetemeka na kuzimia, maana sukari yao ilianguka. Mwenzake Loubatières akachunguza, akaona kwamba dawa ile inaliamsha kongosho. Toka hapo zikatoka dawa kama glibenklamidi. Ni nzuri na si ghali, lakini kumbuka ilivyojulikana: kwa kuangusha watu. Mzee anayeimeza bila kula ataanguka shambani.

Kidonge tunachoanza nacho mara nyingi ni metformini. Asili yake ni mmea wa Ulaya unaoitwa galega, ambao watu wa zamani waliutumia kwa dawa. Mganga Jean Sterne wa Paris aliwapa wagonjwa metformini na kuandika habari zake katika mwaka 1957. Basi ndugu zangu, mtu asiseme kwamba sisi wa hospitali tunadharau majani. Lakini jani hili lilipimwa. Tunajua kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaua, tunajua ni nani asipewe, kama yule ambaye figo zake zimeharibika sana. Yule anayekuuzia chupa ya maji ya kijani sokoni na kukuambia, "Acha sindano," mwulize kiasi. Hajui.

Katika miaka hii ya karibuni zimekuja dawa nyingine, nami nazitaja mbili tu. Moja inatokana na mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani. Katika mate yake walikuta kitu kinachofanana na kile ambacho matumbo yetu hukitoa tukila ili kuliamsha kongosho. Dawa ya kwanza ya jamii hii ilikubaliwa katika mwaka 2005, na ndugu zake waliofuata wanashusha sukari na kupunguza unene. Nyingi ni sindano, na bei yake iko juu mbali. Ya pili ni kidonge kinachozifanya figo zimwage sukari nyingi zaidi katika mkojo. Je, umeelewa? Ile alama ya sisimizi imefanywa dawa! Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa nikidhani nimekosea. Tangu mwaka 2015 uchunguzi umeonyesha kwamba vidonge hivi vinasaidia hata moyo na figo za wagonjwa wa namna ya pili. Mtoto wa namna ya kwanza asipewe bila mganga, maana asidi inaweza kuja hata sukari ikionekana si ya juu.

Kupima

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na taa ya spiriti, kijiti cha kushikia na chupa ya maji ya buluu. Ni dawa ya Benedict, iliyotumiwa ulimwenguni kote tangu mwanzo wa miaka ya 1900. Alitia kidogo katika bomba la kioo, akaongeza matone 8 ya mkojo, akachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, alikuwa akisema, "Huyu mlaze leo." Baadaye zikaja karatasi za kuchovya katika mkojo, nazo bado tunazo. Usizidharau. Kama binti yule angekutana na karatasi moja tu, mambo yangekuwa mengine.

Lakini mkojo unaleta habari za jana. Sukari haimwagiki katika mkojo mpaka katika damu imepita kama 180. Tena mkojo hauwezi kukuambia kwamba sukari imeshuka mno. Kwa hiyo tunapima damu ya kidole. Mashini za kwanza za kupima damu zilitokea Marekani karibu na mwaka 1970. Zilikuwa kubwa, zaidi ya kilo moja, na hazikuuzwa ila kwa waganga na hospitali. Kulikuwa na mtu mmoja, Richard Bernstein, mgonjwa tangu miaka 12, kazi yake mhandisi. Mwili wake ulikuwa umeanza kuharibika akiwa bado kijana. Alitaka mashini ile wakakataa kumwuzia. Lakini mke wake alikuwa mganga, basi akaiagiza kwa jina la mke. Akaanza kujipima nyumbani mara nyingi kila siku na kuandika, akaona ni chakula gani kinapandisha na sindano gani inashusha, akajirekebisha. Waganga hawakutaka kumsikiliza. Basi akaenda chuoni akiwa na miaka zaidi ya 40, akawa mganga mwenyewe. Aliishi mpaka mwaka 2025, akiwa na miaka 90.

Ninaeleza habari yake kwa ajili ya wauguzi wenzangu wanaomfokea mgonjwa akigusa mashini. Mgonjwa wa sukari anakaa na sisi saa moja kwa mwezi. Saa zilizobaki ni mganga wake mwenyewe.

Kuna kipimo kingine, ambacho hospitali kubwa zinacho. Katika mwaka 1968 Samuel Rahbar, mganga wa Irani, aliona katika damu ya wagonjwa wa sukari rangi ya damu isiyo kama ya wengine. Chembe nyekundu ya damu inaishi karibu siku 120, na sukari inashikamana nayo polepole. Tazama nyasi za paa la jiko: ukiona masizi unajua moto uliwaka kiasi gani miezi iliyopita, hata kama leo wamezima na kufagia. Mgonjwa anayefunga kula siku mbili kabla ya kuja kwetu ili kutufurahisha, paa lake linamsema. Lakini kwetu tuwe na akili. Mtu mwenye ugonjwa wa selo mundu, au aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, chembe zake zinakufa upesi, paa ni jipya kila mara, na kipimo kinaonyesha uzuri usiokuwapo.

Je, taabu hii yote ina faida? Kwa muda mrefu waganga walibishana. Basi huko Marekani na Kanada, toka mwaka 1983 mpaka 1993, wagonjwa 1,441 wa namna ya kwanza waligawanywa vikundi viwili. Wa kwanza walitibiwa kama kawaida. Wa pili walijipima mara nyingi, sindano tatu au zaidi kwa siku au pampu ndogo. Katika kundi la pili hatari ya macho kuharibika kwa wale waliokuwa na macho mazuri ilipungua kwa 76 kwa mia. Figo na mishipa ya miguu pia ilipona sana. Lakini waliangukiwa na sukari ya chini mara tatu zaidi kuliko wenzao. Ndiyo sababu nasema: usimpe mtu sindano nyingi bila kumpa kipimo.

Leo kuna kipande kidogo kinachobandikwa mkononi, uzi wake mwembamba ukiwa chini ya ngozi, nacho kinaandika sukari mchana na usiku kwa siku 14 hivi. Kuna pampu inayosoma kipande hicho na kutoa insulini yenyewe. Ya kwanza ilikubaliwa Marekani katika mwaka 2016. Kuna dawa iliyokubaliwa katika mwaka 2022 inayochelewesha ugonjwa wa namna ya kwanza karibu miaka miwili. Katika mwaka 2025 iliandikwa kwamba wagonjwa 12 walitiwa chembe za kongosho zilizokuzwa na wajuzi, na baada ya mwaka 10 kati yao hawakuhitaji insulini, ila wanakunywa dawa za kuwalaza askari wa mwili. Nimewaeleza ili mjue kazi haikusimama. Sasa turudi kijijini.

Mtungi

Mwuguzi mmoja aliniuliza, "Nimpe mtu wa kijiji insulini wakati hana frigo?" Zamani wengi waliwakatalia watoto dawa kwa sababu hiyo, au waliwalazimisha kutembea kilometa nyingi kila siku mpaka hospitali kwa sindano mbili. Waganga wasio na mipaka pamoja na chuo kikuu cha Geneva walipima joto katika nyumba za wakimbizi huko Dadaab, kaskazini ya Kenya, mahali pa joto kuliko kwetu. Wakaona joto linapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Wakaziweka chupa za insulini katika joto kama hilo muda wa majuma manne. Katika mwaka 2021 waliandika kwamba insulini ile ilibaki na nguvu kama ile ya frigo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chupa unayoitumia, iweke katika kopo safi lenye kifuniko. Kopo uliweke ndani ya mtungi wa udongo, na mtungi huo ukae katika chombo chenye mchanga ulioloweshwa maji, kivulini, mahali penye upepo. Usiache chupa juani wala karibu na jiko, wala katika mfuko wa suruali. Andika tarehe uliyoifungua. Baada ya majuma manne usiitumie. Chupa zisizofunguliwa zikae frigo ya hospitali, lakini zisigande barafu, maana iliyoganda imekufa.

Kijana mmoja wa kwetu, miaka 9, alifika akiwa amekonda na mwenye kiu. Safari hii niliuliza. Baba alisema, "Sisimizi? Ndiyo, wapo." Nikatoboa kidole, mashini ikaandika 480. Mtu aliyelala bila kula akiwa na 126 au zaidi kwa mara mbili ana ugonjwa. Na huyu hakuhitaji mara ya pili. Mganga akampa serumu ya chumvi na insulini, akapona. Mama yake akajifunza sindano kwa kutumia papai.

Baada ya miezi minne walirudi usiku, mtoto anapumua vile vile kama binti yule. Alikuwa amenenepa, basi mhubiri mmoja mgeni aliwaambia kwamba ameponywa, na kuendelea na sindano ni kukosa imani. Walitupa chupa mtoni. Mimi ni mwinjilisti. Nawaombea wagonjwa kila asubuhi kabla ya kazi, na kwa miaka hii yote sijamwambia hata mmoja aache insulini. Aliyenenepa kwa sababu ya chakula, akinyimwa chakula atakonda. Insulini kwa mtoto huyu ni kama chakula. Hata akiwa na homa, hata akitapika, insulini ya namna ya kwanza haiachwi kabisa; mlete tupime na kupanga kiasi. Kijana akapona mara ya pili, kwa siku tano ngumu.

Na upande wa pili usisahauliwe. Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho baridi, akisema maneno ya ovyo kama mlevi, sukari yake pengine imeshuka chini ya 70. Mpe mara moja vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, halafu chakula. Akizimia usimmiminie kitu kinywani, asije akasongwa. Mlaze kwa ubavu, mpake asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, mkimbie naye hospitali. Walimu wa shule wajue jambo hili. Kijana wetu alipigwa darasani kwa kuwa alilala, kumbe ilikuwa sukari ya chini. Sasa mwalimu ana kopo la sukari mezani.

Kuhusu miguu nitaandika peke yake, maana yanahitaji ukurasa mzima. Kwa sasa, kila jioni tazama nyayo zako, na usitembee bila viatu hata ndani ya boma.

Kijana yule ana miaka 13 sasa. Anajipiga sindano mwenyewe, naye ndiye anayemwagia mchanga wa mtungi maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Hupima mara mbili kwa siku, vipande vya kupimia vikiwapo. Vikikosekana hutumia karatasi za mkojo na kuandika herufi M pembeni ya kijitabu ili tujue. Siku ya kupima sukari katika hospitali yetu ni siku ya nne ya kila juma, asubuhi. Njoo na chupa yako ya insulini, na kijitabu, hata kama kimeloa mvua. Usichome sindano ya asubuhi kabla ya kufika, wala usile. Njoo na chakula chako katika mfuko, utakula hapa tukiisha kutoboa kidole.